Bomba la Shaba Nililomkunjia Dada

Mume wa dada yangu hakuwahi kumpiga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu huniuliza kwanza, na nikishasema hapana, hakumpiga, nawaona wanashusha pumzi kana kwamba habari imekwisha.

Sisi ni watoto wa mkata mkonge. Baba alishuka kutoka milimani Usambaa akiwa kijana, akapata kazi shambani, na tukazaliwa kambini, kwenye nyumba za mstari. Dada ndiye mkubwa. Aliolewa Pongwe, kwenye nyumba ya matofali yenye baraza pana na mipapai nyuma. Mimi nikasomea ufundi wa friji na viyoyozi, nikapanga chumba Chumbageni kwa bibi mmoja mwenye asili ya Kiarabu, na mpaka leo niko hapo hapo.

Shemeji yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye hoteli ya ufukweni, huko kusini upande wa Mkwaja. Mwenye hoteli alikuwa Mzungu aliyependa kupika bia yake mwenyewe, na shemeji alikuwa msaidizi wake. Hoteli ilipofungwa, shemeji alirudi Pongwe na sufuria kubwa isiyoshika kutu, ndoo nyeupe zenye mifuniko ya kubana, na tabia ya kunusa glasi kabla ya kunywa, hata ikiwa ni glasi ya maji. Akaanza kupika bia nyumbani. Kimea cha shayiri alikuwa akiletewa na rafiki yake kutoka Moshi, na maua makavu ya kijani, yale yanayoipa bia uchungu wake, aliyapata kwenye pakiti kutoka Arusha.

Kazi yenyewe niliijua kwa kutazama. Kimea kinaparazwa, kinalowekwa kwenye maji ya moto, kinachujwa. Yale maji yanayotoka ni matamu, sisi tuliyaita togwa ingawa si togwa hasa. Togwa hiyo inachemshwa na maua kwa muda mrefu, halafu lazima ipoe ndipo itiwe hamira. Hapo kwenye kupoa ndipo palikuwa na balaa. Tanga hakuna kitu kinachopoa upesi. Shemeji alifunika sufuria akaiacha mpaka kesho yake, na kesho yake bado ilikuwa vuguvugu, imeshaingiwa na vidudu vya hewani kabla hamira haijapata nafasi. Bia ikatoka chachu, yenye harufu ya kitambaa cha kufutia meza.

Siku ya kwanza kuiona hali hiyo nilikuwa nimekwenda kumsalimia dada. Shemeji alikuwa uani, amefungua ndoo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamwita dada aliyekuwa jikoni kwa sauti ya upole. Sauti yake daima ilikuwa ya upole.

"Njoo unuse."

Dada akaja akifuta mikono kwenye khanga, akainama.

"Imekuwaje?" shemeji akauliza.

"Imechacha."

"Sema vizuri."

Dada hakunitazama. "Imeharibika," akasema.

"Tena?"

"Tena."

Akamwambia aishike ndoo, yeye akawa anachota kwa kikombe na kumwaga kwenye mtaro wa maji machafu, kikombe kimoja kimoja. Angeweza kuipindua ndoo mara moja ikaisha. Dada alisimama ameinama, amekumbatia ndoo kifuani, mpaka ikabaki tupu.

Sikuelewa haraka. Nilielewa niliporudi nyumbani na kuvua viatu. Dada alikuwa amepoteza mimba, si mara moja. Kila ilipotokea, mama mkwe wake alipiga simu kwa ndugu akasema neno hilo hilo, imeharibika, maana ndilo neno la watu wote. Shemeji alikuwa amelichukua neno hilo la mimba akalitia kwenye ndoo ya bia. Hakuhitaji kuongeza lingine. Alikuwa akimfanya alitamke yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya yeyote aliyekuwepo.

Nilipokwenda tena nilimwambia, "Shemeji, shida yako ni joto. Hiyo togwa inakaa moto muda mrefu mno."

"Hotelini hatukuwa na shida hii."

"Hotelini mlikuwa mnapozaje?"

Akanieleza kwamba Mzungu alikuwa na bomba la shaba lililozungushwa kama springi. Linazamishwa ndani ya sufuria, maji baridi yanapita ndani ya bomba, yanaingia huku na kutokea huku, yanaondoka na joto. Kwa fundi wa friji hilo halikuwa jambo la kushangaza. Ni kazi ninayoifanya kila siku, ila kwa bia.

"Hicho nitakitengeneza," nikasema.

Akanitazama, halafu akamtazama dada aliyekuwa akimenya mihogo pembeni. "Tengeneza, shemeji. Tuone kama kwenu yupo ambaye kitu kikimfikia mikononi kinatoka salama."

Dada akaendelea kumenya.

Nilikuwa na kipande kirefu cha bomba la shaba kilichobaki kwenye kazi ya kufunga viyoyozi. Mafundi tunaliita kopa. Kilikuwa kipya, hakijapitishwa gesi wala oili, na hilo nililijali, maana bomba la friji kuukuu lina mafuta ndani, na sikutaka mtu aseme bia ina ladha ya friji. Bomba la shaba ni laini lakini lina hasira. Ukilikunja kwa pupa linabonyea, na likishabonyea halirudi. Kwa hiyo nilichekecha mchanga mkavu, nikaumimina ndani mpaka bomba likajaa, nikaziba ncha zote mbili, kisha nikalizungusha taratibu kwenye mtungi mdogo wa gesi, mzunguko juu ya mzunguko, nikilikandamiza kwa kiganja.

Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani akichambua mchicha. Alinitazama muda.

"Hicho cha kupozea nini, mwanangu?"

"Uji, bibi."

"Uji wa watu wangapi huo?"

Nikakandamiza mzunguko mwingine. Bibi anamjua shemeji, na anajua anachopika.

"Basi mimi nimesikia uji," akasema. "Ila usikijaribie kwenye mfereji wangu."

Nikatoa mchanga kwa kuligongagonga bomba, nikalisuuza, nikalichemsha kwenye maji yenye siki mpaka rangi yake ikawa kama ya ngozi ya mtoto. Sikulichomelea mahali popote, maana risasi ya kuchomelea si kitu cha kutia kwenye chakula. Ncha mbili nilizipandisha juu na kuzikunja zipite ukingoni mwa sufuria, nikazivika mipira ya maji na kuikaza kwa klipu za chuma. Nikapuliza hewa na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Halikuvuja. Nilikaa nikalitazama. Nilikuwa nimekitengeneza kile kitu kwa kazi moja tu: dada asiitwe tena kunusa ndoo.

Siku ya kukijaribu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuta sufuria imeshachemka. Dada alisogea kutusaidia kushika mpira, shemeji akamzuia kwa mkono bila kumgusa.

"Wewe leo kaa barazani. Tusichanganye mambo."

Akaenda kukaa barazani. Kutoka pale aliweza kutuona kupitia mlango wa uani.

Tukaizamisha koili, yaani lile bomba la mizunguko, nikafungua maji. Kwanza hayakufaa kitu, kwa sababu tangi la juu lilikuwa limepigwa na jua na maji yake yalikuwa ya kuogea mtoto mchanga. Nikafunga. Nikaenda kwa muuza samaki wa pale njia panda, nikarudi na barafu kwenye gunia, nikazungusha sehemu ya mpira ndani ya beseni lenye barafu ili maji yapite hapo kwanza. Tukafungua tena. Maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa ya moto kabisa, yanafuka mvuke kwenye mtaro, nikamwonya shemeji asiuguse mpira ule. Baadaye yakawa ya uvuguvugu. Kabla barafu haijaisha, togwa ilikuwa baridi, unaweza kutia mkono. Hamira ikaingia siku hiyo hiyo.

Tulipoifungua baada ya wiki chache, bia ile ilikuwa safi. Mimi si mnywaji sana, lakini nilijua. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na ilipopita kooni iliacha uchungu mdogo wa kupendeza. Nikamgeukia dada, nikasubiri.

Shemeji alinusa, akanywa, akaweka glasi chini polepole.

"Unaona sasa," akamwambia dada. "Siku uliyokaa mbali."

"Ni koili, shemeji," nikasema. "Ni maji ya barafu. Dada hahusiki na—"

"Koili imefanya kazi yake. Na yeye amefanya yake kwa kukaa mbali."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikwenda kumwondolea mume sababu, nikamletea ushahidi. Dada alichukua glasi tupu akaenda kuziosha, na nilipomfuata jikoni aliniambia kwa Kisambaa chetu, taratibu, "Mdogo wangu, zamani nilikuwa na nafasi ya kuamini ni hewa inayoharibu, si mimi."

Nikakasirika, na hasira ikanipa wazo. Shemeji alipokwenda msibani Korogwe, nilimwambia dada tupike sisi. Alikataa, kisha akakubali ghafla, akafunga khanga kiunoni. Nilikaa kwenye kigoda nikamwelekeza, lakini sikugusa kitu. Yeye ndiye aliyeparaza kimea, yeye aliyekoroga, aliyechuja, aliyetia maua. Yeye aliyeizamisha koili na kukaza klipu. Mvuke ulimpiga usoni, kilemba kikamlegea, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nilimwona anafanya kazi bila kusikiliza nyuma yake.

Maji yalipokuwa yakipita aliniambia juu ya mimba ile ya mwisho. Kwamba ilikuwa imeshaanza kucheza. Kwamba alikuwa ameinama kuokota kijiko. Alisema hivyo tu, akatia kidole kwenye togwa kupima, akasema, "Imepoa."

Bia hiyo ilitoka nzuri kuliko ile ya kwanza. Si mimi niliyesema. Walisema wageni.

Kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa kaka yake shemeji, na baada ya ibada watu walikuja Pongwe kula. Chupa zilikuwa zimelala kwenye beseni la barafu. Shemeji alijua kwamba tumepika akiwa safarini, dada alimwambia mwenyewe. Aliwamiminia wageni kwa mkono wake. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu mwenye heshima zake, mzee wa kanisa. Alimaliza glasi, akaomba nyingine, akasema hajawahi kunywa kitu kama hicho hata mjini.

"Nani amepika hii?" akauliza.

Shemeji alinyamaza kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Dada alikuwa amesimama na sinia la pilau. Akasema, "Nimepika mimi."

Watu wakapiga makofi kidogo. Dada akatabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile kwa sababu alisahau kulifunika kwa mkono.

Ndipo shemeji akainua glasi yake akaitazama kwenye mwanga. Akainusa. Akainusa tena. Akanywa funda moja dogo, akalizungusha mdomoni, akageuka akalitema kwenye ua.

"Samahanini sana, jamani," akasema kwa upole. "Imeharibika. Kuna harufu ya shaba. Mtu asiendelee kunywa, asije akaumwa tumbo."

Nilidhani wangecheka. Walikuwa wameshaimaliza nusu. Lakini nilizisikia glasi zikishushwa mezani, moja baada ya nyingine. Mwalimu mstaafu alibaki na yake mkononi, akamtazama shemeji, akaitazama glasi. Akafuta mdomo kwa leso.

"Kweli," akasema. "Na mimi nilihisi kitu."

Nikasimama. Nikasema bia haina kosa, bomba ni jipya, nimelichemsha kwa siki mwenyewe. Mama mkwe wa dada akaniambia nikae, hii ni siku ya mtoto. Nilipogeuka, dada alikuwa anakusanya glasi. Alizibeba zote kwenye sinia mpaka mtaroni, akazimwaga moja moja, bila kuambiwa.

Zilibaki chupa nyingi ambazo hazikufunguliwa. Shemeji alisema atazitupa mwenyewe.

Baada ya wiki chache dada alinipigia simu mchana. Alikuwa ananong'ona. "Anainywa," akasema. "Ile ile. Kila jioni anafungua moja nyuma ya nyumba. Nimehesabu vizibo."

Nikamwambia aje kwangu. Akasema tu, "Kwa hiyo anajua," akakata.

Chupa zilipokwisha, shemeji alimwambia apike nyingine. Haya nayajua kwa dada. Alimwambia, "Pika kama ile."

"Ipi?"

"Ile ya kipaimara."

"Iliyoharibika?"

Dada akamwambia atapika siku atakapowaita watu wale wale, na yule mwalimu, awaambie bia ile ilikuwa nzuri. Shemeji alicheka. Dada hakupika. Akafua, akapika chakula, akatandika kitanda, akaenda kwaya, lakini sufuria ile hakuigusa. Shemeji naye hakuwaita watu.

Mwisho akaamua kupika mwenyewe. Akamwambia dada akae barazani.

Alikuwa hajawahi kuifunga mipira kwa mikono yake. Aliivika kwenye ncha za koili bila kukaza klipu, na tangi la juu siku hiyo lilikuwa limejaa, maji yana nguvu. Mpira wa kutolea ukachomoka. Maji ya moto yakamrukia mguuni, akajitupa nyuma akiwa ameshika mpira, akaivuta koili, na koili ikaja na sufuria. Togwa iliyochemka si maji. Ina sukari, inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Mguu mmoja uliungua kuanzia chini ya goti mpaka vidoleni.

Dada aliniambia habari hii hospitalini, tumekaa kwenye benchi.

"Nilimsikia," akasema. "Nilikuwa na mchele kwenye ungo. Nikamaliza kuuchambua."

Nilimtazama nikidhani atalia. Alikuwa anakunja risiti ya hospitali ikawa ndogo, ndogo zaidi.

Shemeji alirudi nyumbani na mguu umefungwa, na dada akawa anamsafisha kidonda. Ndugu walimsifu. Mama mkwe aliwaambia watu kanisani kwamba sasa ameona thamani ya mkwe wake. Mimi nilikwenda siku moja na machungwa, nikakaa kwenye kiti karibu na kitanda wakati dada anabadilisha bendeji.

Nesi alikuwa ameeleza mbele yangu, siku ya kuruhusiwa, kwamba bendeji iloweshwe kwanza kwa maji ya chumvi mpaka iachie, ndipo itolewe. Dada alikuwa amesikiliza, ameitikia kwa kichwa. Sasa aliishika ncha ya bendeji kavu na kuanza kuivuta. Hakuvuta kwa nguvu. Alivuta polepole, kidogo kidogo, na ilipong'ang'ania ngozi alisimama, akasubiri, akavuta tena.

Shemeji alishika chuma cha kitanda. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Lowesha," akasema.

"Maji yapo jikoni," dada akajibu kwa upole.

Akaendelea kuvuta.

Shemeji akanigeukia. Sikuwa nimewahi kumwona akinitazama hivyo, kama mtu anayetaka kusaidiwa kufungua mlango. Jikoni palikuwa hatua chache. Nilikuwa na chungwa mkononi, nilikuwa nimeanza kulimenya. Nililimenya mpaka mwisho, nikaligawa, nikaweka vipande kwenye kisahani.

Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, mrefu kuliko alivyosema daktari. Daktari alishangaa kwamba ngozi mpya kila mara inakutwa imechubuka. Dada alimjibu kuwa mgonjwa anajigeuzageuza usingizini. Shemeji alikuwa amekaa hapo hapo, na hakubisha. Sijui kama alinyamaza kwa kuogopa au kwa aibu, na sikutaka kujua. Mguu ulipona ukiwa umekazwa na ngozi ya kung'aa, anatembea kama mtu aliyevaa kiatu kidogo.

Siku alipoweza kwenda dukani peke yake na kurudi, dada alifunga mfuko wake akaja Chumbageni. Hakuleta kitu cha nyumba ile isipokuwa nguo na ungo. Wazee wa kanisa walikuja kumwomba arudi, yule mwalimu akiwemo, wakazungumza sana juu ya uvumilivu na jinsi alivyomuuguza mumewe. Dada aliwapikia chai, akawasikiliza mpaka wakachoka. Shemeji anaishi na mama yake sasa. Hapiki tena bia. Mtu aliniambia sufuria ile inatumika kuchemshia maji ya kunyonyolea kuku.

Bibi mwenye nyumba anampenda dada. Wanachambua mchicha pamoja, na jioni dada humsomea ujumbe wa simu kutoka kwa watoto wake walioko Muscat. Amenenepa kidogo. Anacheka.

Mwezi uliopita nilikuwa nachomelea bomba la friji uani, moto ukanirukia mkononi, juu kidogo ya kifundo. Halikuwa jambo kubwa. Dada alitoka na dawa na pamba, akakaa mbele yangu, akanyoosha mkono wake apokee wangu.

Nikajikuta nimeuficha nyuma.

Sikukusudia. Ulikwenda wenyewe. Dada alikaa bado amenyoosha kiganja, akanitazama usoni, na nikaona ameelewa. Hakukasirika. Aliiweka dawa juu ya kiti, taratibu, na pamba juu yake.

"Basi jipake mwenyewe," akasema, akaingia ndani kuepua wali.